Kijiji cha Wapangaji

Msikilizaji, kusini magharibi mwa England, katika jimbo la Wiltshire, kuna kijiji kinachoitwa Lacock. Barabara zake kuu ni nne tu, zimekutana kama fremu ya dirisha. Nyumba zake ni za mawe na magogo, nyingine zimeshapinda kwa umri, na juu ya barabara huoni nyaya za umeme zikining'inia. Ndiyo maana wapiga filamu hawabanduki pale. Mwaka 1995 BBC walikigeuza kijiji hicho kuwa mji wa Meryton katika tamthilia ya Pride and Prejudice, na baadaye watengenezaji wa Harry Potter wakaja na kamera zao kwenye jumba la Lacock Abbey. Kinachotakiwa ni kuyaondoa magari na kumwaga udongo juu ya lami, basi karne ya 19 imerudi.

Mtalii anayepita hapo Jumapili hudhani kila mlango una tajiri nyuma yake, mtu aliyerithi kwa babu. Sivyo. Karibu kila anayelala Lacock ni mpangaji. Mwaka 1944 Matilda Talbot, aliyekuwa amerithi jumba lile, alilikabidhi pamoja na kijiji kwa National Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1895 kutunza ardhi na majengo ya kihistoria. Sheria ya Bunge ya mwaka 1907 inaliruhusu shirika hilo kutangaza mali yake kuwa haiuziki, na likishatangaza hivyo, hata wakuu wake wenyewe hawawezi kuipiga mnada. Hivyo majirani wa Lacock wanatofautiana kwa mengi, lakini wengi wao wanamlipa kodi mwenye nyumba mmoja.

Tuzungumzie leo nyumba za namna hiyo: za kupanga, kijijini, England. Tunasema England kwa makusudi, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao za upangaji.

Kwenye matangazo nyumba hizi huitwa koteji. Msikilizaji uliyeoa, usijaribu kutafsiri neno hilo kuwa "nyumba ndogo" kisha ukamsimulia mkeo kwamba unatafuta moja nje ya mji. Tafsiri haina kosa, ila usiku utakuwa mrefu. Asili ya koteji ni makazi ya wanyonge: kibarua wa shamba, mchunga kondoo, mfumaji. Pale Bibury, jimbo la Gloucestershire, ipo safu ya nyumba za mawe inayoitwa Arlington Row, ambayo watalii huifuata kwa mabasi mazima. Ilikuwa ghala la sufu la karne ya 14, na katika karne ya 17 ikagawanywa kuwa nyumba za wafumaji. Mfumaji wa enzi zile akifufuka leo akaulizia kodi za eneo hilo, atarudi kaburini kwa hiari yake.

Mpangaji wa kijijini hakuwa na kauli. Twende Dorset, kwenye kijiji cha Milton Abbas. Karibu na mwaka 1780, Lord Milton, bwana mwenye ardhi, alichoshwa na mji mdogo wa Middleton uliokuwa umesogelea jumba lake. Ulimharibia mandhari. Akaubomoa, na wakazi wakahamishiwa bondeni kwenye nyumba mpya zilizoezekwa kwa mabua, zote sare, safu mbili zikitazamana kando ya barabara moja. Husimuliwa kwamba mwanasheria mmoja, Harrison, aligoma kutoka kwa sababu mkataba wake wa pango ulikuwa haujaisha. Bwana akaamuru bwawa lifunguliwe, maji yakaingia nyumbani kwa mgomaji. Harrison akaenda mahakamani, akashinda. Lakini Harrison alikuwa mwanasheria. Majirani wake wasio wanasheria walibeba vyombo vyao wakahama.

Kibarua wa shamba yeye alikuwa na tatizo jingine: alikaa kwenye nyumba ya mwajiri. Akiumia mgongo, akizeeka, au akikosana na msimamizi, kazi inaondoka na paa linaondoka nayo. Hali hiyo iliendelea mpaka nusu ya pili ya karne ya 20. Ni sheria ya mwaka 1976 iliyowapa vibarua wa mashamba wa England na Wales ulinzi wa kubaki kwenye nyumba hata ajira ikikatika.

Habari ya kibarua huyo inamgusa Mswahili wa leo kuliko anavyodhani. Julai 2021 Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi, na Februari 2022 viza ya huduma za afya ikafunguliwa kwa wahudumu wa wazee. Vijiji vya England, kwa uwiano, vina wazee wengi kuliko miji, kwa hiyo nyumba za kulea wazee nazo ziko huko, kati ya malisho ya kondoo na mashamba ya ngano. Mlango wa kuwaajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo ulifungwa Julai 2025, lakini waliokwishaingia wapo, na baadhi yao walipewa kazi, viza na chumba na mwajiri yule yule. Vitu vitatu mkononi mwa mtu mmoja, kimoja zaidi ya vile alivyoshika mwenye shamba. Sheria ya kima cha chini cha mshahara imeweka mpaka fulani: kwa mwaka ulioanza Aprili 2025, mwajiri akitoza malazi zaidi ya pauni 10.66 kwa siku, ile ziada inahesabiwa kuwa ameipunguza kwenye mshahara. Anayekatwa kodi kwenye hati ya malipo akae na kalamu na karatasi, apige hesabu hiyo.

Wengi hutaka kutoka kwenye chumba cha mwajiri wakapange chao. Hapo ndipo wanapogundua kwamba kijijini nyumba hazipo.

Zilikwenda wapi? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sheria ya mwaka 1919 ilizipa halmashauri wajibu na ruzuku ya kujenga nyumba za kupangisha kwa bei nafuu. Vijiji navyo vikapata zao, safu fupi za matofali, mara nyingi pembeni mwa kijiji. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ikampa mpangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba yake kwa punguzo. Kwa aliyenunua ilikuwa neema. England peke yake, karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa kwa njia hiyo. Mjini pengo hilo hugawanyika mitaa mingi. Kijiji kilichokuwa na nyumba nane za halmashauri kikiuza sita, kijana anayeoa hana pa kuanzia. Bunge lenyewe liliiona hatari hiyo, likaruhusu masharti katika hifadhi za taifa na sehemu nyingine za vijijini, kwamba nyumba iliyonunuliwa hivyo iuzwe tena kwa mtu aliyeishi au kufanya kazi eneo hilo kwa miaka mitatu. Lilikuwa bomba dogo kwenye moto mkubwa.

Halafu wakaja wenye nyumba za pili. Huyu ana nyumba London, na nyingine ufukweni Cornwall ya kwendea Agosti. Mwingine anaona kupangisha kwa wageni wa wiki moja kunalipa kuliko kumpangisha mwalimu wa shule kwa mwaka. Mei 2016 wakazi wa St Ives, Cornwall, walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 80 wakataka nyumba mpya zijengwe kwa watakaozikaa mwaka mzima. Juni 2022 wakazi wa Whitby, mji wa pwani huko Yorkshire, wakapiga yao, na zaidi ya asilimia 90 wakasema vivyo hivyo. Tangu Aprili 2025 halmashauri zinaruhusiwa kumtoza mwenye nyumba ya pili kodi ya halmashauri hadi mara mbili. Mwenye nyumba mbili huwa na pesa za kulipa. Ukimya wa kijiji unaosifiwa kwenye matangazo, kwa sehemu, ni wa madirisha yasiyo na taa mwezi wa Januari.

Tuseme sasa muuguzi kutoka Kisumu, au mhudumu kutoka Tanga, ameipata nyumba. Ameiona kwenye tovuti kama Rightmove, au kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani mwa duka la kijiji. Nini kinafuata?

Kwanza ni uhamiaji. Tangu Februari 2016, mwenye nyumba popote England analazimika kuhakikisha kwamba mpangaji ana haki ya kuishi nchini. Mwenye viza ya kidijitali huomba kwenye tovuti ya serikali msimbo wa herufi na tarakimu tisa, akampa dalali auhakiki. Mwenye nyumba asiyehakiki, kisha mpangaji akaonekana hana haki hiyo, anaweza kupigwa faini ya hadi pauni 10,000 kwa kila mkaaji, hata kwa kosa la kwanza, ndiyo maana madalali hawataki mchezo kwenye jambo hili.

Pili ni hesabu, na hapa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atashangaa kwa furaha. Dalali wa kwetu huchukua ada yake kwa mpangaji, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba, hasa Dar es Salaam, hudai miezi sita au mwaka mzima mkononi. England, tangu tarehe 1 Juni 2019, dalali haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kumtafutia nyumba, kumhakiki, wala kuandika mkataba. Malipo yake yanatoka kwa mwenye nyumba. Amana nayo ina kikomo: kwa kodi iliyo chini ya pauni 50,000 kwa mwaka, isizidi kodi ya wiki tano. Nyumba ya pauni 1,000 kwa mwezi ni pauni 12,000 kwa mwaka, gawa kwa wiki 52, zidisha kwa tano: pauni 1,153 na senti. Fedha ya kushikia nyumba isipewe mwingine haizidi ya wiki moja, yaani pauni 230. Anayedaiwa zaidi ya hapo anaibiwa kwa Kiingereza safi.

Amana yenyewe haikai kwenye akaunti ya mwenye nyumba bila kinga. Tangu Aprili 2007 ni lazima ilindwe na moja ya mifuko iliyoidhinishwa na serikali, na leo mifuko hiyo ni mitatu. Mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo na kumpa mpangaji maelezo kwa maandishi. Akishindwa, mahakama inaweza kumwamuru alipe faini ya kati ya mara moja na mara tatu ya amana, na fedha hizo anapewa mpangaji.

Tatu ni mdhamini. Madalali wengi hutaka mshahara wa mwaka uwe mara 30 ya kodi ya mwezi, kwa hiyo nyumba ya pauni 1,000 inamtaka mtu wa pauni 30,000, na asiyefikia hapo hutakiwa kuleta mdhamini. Mgeni asiye na historia ya mikopo nchini alizoea kukata mzizi wa fitina kwa kulipa miezi sita mbele. Njia hiyo inafungwa na Sheria ya Haki za Wapangaji, iliyopata idhini ya Mfalme tarehe 27 Oktoba 2025 na vifungu vyake vikuu kupangiwa kuanza tarehe 1 Mei 2026. Chini yake, mwenye nyumba hawezi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza. Ni kinga kwa mnyonge, lakini mlango wa mdhamini umebaki wazi, na mdhamini anayetakiwa kwa kawaida ni mkazi wa Uingereza mwenye kipato. Ndugu walioko Kisumu na Tanga hawatatosha, hata wakiwa na ng'ombe mia.

Sheria hiyo ina uzito mkubwa zaidi mahali pengine. Chini ya sheria ya makazi ya mwaka 1988, kifungu cha 21, mwenye nyumba aliweza kumwondoa mpangaji kwa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu yoyote. Mjini mpangaji alihamia mtaa wa pili. Kijijini, penye nyumba moja ya kupanga kwa msimu mzima, kuondolewa kulimaanisha kuhama kijiji, mtoto kubadili shule, na kazi kuwa mbali. Mpangaji alijifunza kunyamaza hata ukuta ukiota kuvu. Sheria mpya inakifuta kifungu hicho. Mwenye nyumba lazima awe na sababu inayotambuliwa, na kama sababu ni kuuza au kuhamia mwenyewe, atoe notisi ya miezi minne ambayo haiwezi kuisha kabla ya mwaka wa kwanza kutimia. Kodi haipandi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Imechukua zaidi ya karne mbili tangu bwawa la Milton Abbas, lakini sasa si lazima mtu awe mwanasheria ili abaki nyumbani kwake.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yenyewe. Kuna baridi.

Vijiji vingi vya England havina bomba la gesi. Nyuma ya nyumba utakuta tangi la plastiki au chuma, na boila ya jikoni inanyonya mafuta humo. Mafuta gani? Mafuta ya taa, ndugu zangu, ya ukoo mmoja na yale ya koroboi na jiko la utambi. Watu wamevuka bahari wakakuta kerosini ndiyo inayompasha joto Mwingereza. Tofauti ni kipimo: bibi yetu alituma chupa dukani, huku gari la mafuta kwa kawaida halifiki kwa chini ya lita 500. Fedha hizo hutoka kwa mpigo, mara nyingi Novemba, na bei haina mdhibiti. Kikomo cha bei ambacho serikali iliweka tangu Januari 2019 kinahusu umeme na gesi ya bomba, hakiyagusi mafuta ya tangi. Wanavijiji wajanja huagiza kwa pamoja, kaya kadhaa kwa safari moja ya gari, bei ishuke. Mpangaji mpya aulize mapema nani anaratibu kikundi hicho.

Joto likishapatikana linatafuta pa kutokea. Kuta za mawe za miaka 300 hazina nafasi ya hewa katikati kama za nyumba mpya, na madirisha mara nyingi ni ya kioo kimoja. Kwa nini yasibadilishwe? Kwa sababu koteji nyingi zimeorodheshwa kuwa majengo ya kihistoria, na kubadili sura ya jengo kama hilo bila kibali ni kosa la jinai. Mpangaji asiyejua hilo anaweza kumwita fundi kwa nia njema akaleta kesi. Karibu kila nyumba inayopangishwa hutakiwa kuwa na cheti cha matumizi ya nishati, kutoka daraja A hadi G, na kwa kawaida haipangishwi iliyo chini ya E, ingawa ipo misamaha. Cheti hicho kinasomeka bure kwenye tovuti ya serikali. Nusu saa ya kukisoma inaokoa blanketi nyingi.

Kisha kodi ya halmashauri. Tanzania, tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na wapangaji wamelalamika kwamba wanamlipia mwenye nyumba. England hakuna cha kulalamikia: sheria inamtaja mkaaji kuwa ndiye mlipaji. Nyumba zimewekwa madaraja ya A hadi H kwa thamani iliyokadiriwa kwa bei za Aprili 1991, na mpaka leo makadirio hayajarudiwa. Mtu mzima anayeishi peke yake ana punguzo la asilimia 25, lakini lazima aliombe.

Kuhusu usafiri, vijiji vingi vilipoteza reli baada ya ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza vituo zaidi ya 2,000 vifungwe. Mabasi ya nje ya London yakaachiwa soko huria mwaka 1986, na makampuni yakafuata abiria walipo. Nauli ya safari moja kwenye njia nyingi imewekewa kikomo cha pauni 3 tangu Januari 2025, ambayo ni habari njema penye basi. Mhudumu anayeanza zamu saa moja asubuhi kijiji cha tatu hana budi kuwa na gari. Leseni ya Kenya au Tanzania inamruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Baada ya hapo haibadilishwi kwa ya Uingereza kwa kujaza fomu, kama inavyowezekana kwa mtu wa Afrika Kusini au Zimbabwe. Anaanza upya: mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani.

Pamoja na hayo yote, kuna wanaokaa na hawataki kuondoka. Kengele za kanisa, trekta wakati wa mavuno, harufu ya samadi inayopiga hodi kabla ya mgeni. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma zinazopita mashambani na malishoni, na mpangaji ana haki nazo sawa na bwana mwenye ardhi. Kibanda chekundu cha simu kimegeuzwa maktaba ndogo, au kimewekwa mashine ya kushtua moyo uliosimama. Ukikutana na mtu njiani unasalimia, tofauti na treni za London ambako salamu humtia mtu wasiwasi. Mtu wa Kilimanjaro au Nyeri huona hapo kitu anachokifahamu.

Kwa hiyo, msikilizaji mwenye ndugu anayetafuta nyumba huko, mpigie simu kabla hajasaini. Mwambie amuulize dalali mambo manne: nyumba inapashwa joto kwa kitu gani, cheti chake cha nishati ni daraja gani, amana itawekwa mfuko upi, na basi la mwisho linapita saa ngapi. Na akijibiwa kwamba basi linapita Jumanne na Ijumaa tu, aulizie bei ya gari kabla ya bei ya mapazia.